Hata Mkoloni Ana Tarehe Yake ya Kuzaliwa

Kwa miaka kama 30 hivi, yeyote aliyeshika noti ya rand huko Afrika Kusini alikuwa ameshika sura ya mwanamume mwenye nywele ndefu, masharubu membamba na kola nyeupe. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Hata watoto wa shule walimjua: Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyefika Rasi ya Tumaini Jema tarehe 6 Aprili 1652, akajenga ngome, na kwa masimulizi ya walowezi historia ya nchi ikaanza siku hiyo. Rand ilipoanza kutumika 1961 alikuwemo, akakaa humo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipong'olewa na simba, nyati na wenzao.

Shida ni kwamba si yeye. Mchoro wenyewe uko Rijksmuseum, Amsterdam, na mtu aliyechorwa anaitwa Bartholomeus Vermuyden. Hata yule mama wa mchoro wa pili, aliyedhaniwa miaka mingi kuwa Maria de la Queillerie, mke wa van Riebeeck, ni mama mwingine, Catharina Kettingh.

Nilicheka sana nilipoipata hiyo. Halafu nikaacha kucheka. Serikali ya ubaguzi wa rangi ndiyo iliyopitisha, mwaka 1950, sheria ya kumwandikisha kila mwananchi kwa rangi yake. Maafisa walimtazama mtu ngozi, wakamtazama nywele, wakauliza anakaa na nani, kisha wakamwamulia yeye ni nani na ataishi wapi. Serikali iliyojiamini hivyo katika kusoma sura za watu ndiyo hiyo hiyo iliyoendelea kuchapisha kwenye pesa zake, kama baba wa taifa, sura ya jamaa mwingine kabisa.

Mimi nilikutana na Vermuyden kazini. Naandika kwa vibarua: leo maelezo ya sabuni, kesho hotuba ya harusi ya watu nisiowajua, na mwezi huo nilikuwa nimepewa wasifu wa maafisa wa kikoloni niuhakiki kwa ajili ya programu ya simu ya wanafunzi. Shilingi 1,200 kwa wasifu mmoja, uwe mrefu uwe mfupi. Maagizo yalikuwa mstari mmoja: kila dai liwe na maandishi mawili ya kulithibitisha, lisilokuwa nayo lifutwe. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa van Riebeeck.

Jamaa ninayekaa naye huku Roysambu alinikuta saa nane usiku nikilinganisha tarehe, akaniuliza kama niko sawa. "Buda, mkoloni ni mkoloni. Andika alikuja, akachukua ardhi ya watu, akaenda zake. Kama alizaliwa Jumanne ama Alhamisi, inakusaidia na nini?"

Nikamwambia kazi ni kazi. Lakini swali lake lilikataa kulala, na mimi nalo. Mtu aliyewaingilia wengine kwa nguvu, ana haki gani ya mimi kukesha ili nisimsingizie? Amekufa tangu 1677. Hana wa kulia kwa ajili yake hapa kwetu. Ukisema "ukweli ni ukweli" hujanijibu, kwa sababu dunia imejaa ukweli ambao hakuna anayeukesha. Idadi ya mawe barabarani kutoka Roysambu hadi Githurai ni ukweli pia. Mbona huu wa mkoloni ndio tuupotezee bando?

Wacha kwanza nieleze kilichokuwa kwenye rasimu niliyopewa.

Ilimwita Gavana wa Rasi. Hakuwa. Cheo chake kilikuwa kamanda, na hakikuwa kikubwa kivile. Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, ile VOC, ilitaka mahali pa kuchukulia maji, mboga na nyama kwa merikebu zake zinazoenda na kutoka Asia, ikatuma mtu wa kusimamia shughuli hiyo. Aliyekuja kuwa gavana mkuu ni mwanawe Abraham, aliyezaliwa hapo hapo Rasi mwaka 1653 na akaongoza milki yote ya Kampuni kutoka Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, tangu 1709 hadi 1713. Rasimu ilikuwa imemvika baba kofia ya mwana.

Ilimwita daktari. Aliingia Kampuni mwaka 1639 kama msaidizi wa mpasuaji, na mpasuaji wa merikebuni siku zile alikunyoa ndevu na kukukata mguu kwa mkono ule ule. Huyo si daktari aliyekaa chuo.

Tarehe ya kuzaliwa, 21 Aprili 1619, mjini Culemborg, ilikuwa sawa. Ingawa, na hapa nilijifurahisha bila malipo, tarehe yoyote ya Uholanzi ya karne ya 17 unaiuliza kwanza imetoka mji gani. Jimbo la Holland lilihamia kalenda mpya 1583. Gelderland likangoja hadi 1700. Yaani ungeweza kutoka mji mmoja asubuhi na jioni ukafika mwingine siku kumi kabla hujaondoka.

Kisha kuna Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo, na Tonkin ndiyo iliyonifanya nianze kumwelewa yule mwenzangu vizuri zaidi. Rasimu ilikuwa na sentensi moja ya adabu: alihudumu Tonkin kama mfanyabiashara wa Kampuni. Ukienda upande wetu, kwa vijana wenye hasira ya haki, unapata kinyume: van Riebeeck alikuwa mwizi aliyefukuzwa, Wazungu wenyewe wakamtupa Afrika kama takataka. Kilichotokea ni kwamba aliitwa arudi kutoka Tonkin kwa sababu alikuwa akifanya biashara ya mfukoni mwake, jambo lililokatazwa na Kampuni na kufanywa na watumishi wake kila mahali. Safari ya kurudi nyumbani, mwaka 1648, ilipita Rasi, wakakaa hapo siku chache. Kampuni ilipoamua kuweka kituo, aliichukua kazi hiyo kama nafasi ya kujisafisha mbele ya wakubwa. Si takataka iliyotupwa. Ni mtu aliyeharibu kazini na kuomba nafasi ya pili.

Sentensi ya rasimu haikuwa ya uongo. Alihudumu Tonkin, ni kweli. Nazijua sentensi za aina hiyo. Mteja huyo huyo alikuwa ameniandikia mstari wa kunitambulisha: "alisoma historia katika chuo kikuu." Ni kweli tupu. Nilisoma, miaka miwili na nusu, hadi karo ikagoma. Kiswahili kina huruma kwa watu kama sisi, "alisoma" haisemi "alimaliza". Nikawaomba waongeze kwamba sikumaliza, wakaniuliza mbona najiharibia jina.

Lakini turudi Tonkin. Ukisoma maisha ya huyu mtu kwa macho ya mwajiri wake, unaona kitu cha ajabu. Kosa lake kubwa, lililomharibia kazi, ni ile biashara ya pembeni. Mwaka 1657, akiwa kamanda, Kampuni iligawa mashamba kando ya Mto Liesbeek kwa watumishi wake wa zamani, palepale Wakhoikhoi walipokuwa wakilisha mifugo. Mwaka 1658 merikebu Amersfoort iliingia na watu waliokuwa wametekwa Angola, wakanyakuliwa baharini kutoka kwa merikebu ya Wareno, wapatao 170 wakiwa bado hai. Hayo mawili yako kwenye kumbukumbu za Kampuni kama kazi iliyofanyika. Hakuna aliyeitwa nyumbani kujieleza. Kuiba faida ya Kampuni ni dhambi, kuchukua malisho ya watu na watu wenyewe ni ripoti ya mwezi.

Ndiyo sababu sikutaka kumwita mwizi wa Tonkin, hata kama tusi hilo ni tamu. Ukimshtaki kwa kosa alilowakosea mabwana zake umekubali mahakama yao, umekaa kwenye benchi la wakurugenzi wa Amsterdam ukilalamikia hariri na faida. Na ukimfanya mhalifu aliyetoroka kwao, umewasafisha waliomtuma. Mtu mbaya peke yake ni habari rahisi. Huyu hakuwa peke yake. Alikuwa mfanyakazi aliyejaribu sana kupandishwa cheo, na hilo linatisha zaidi, kwa sababu namjua mtu wa namna hiyo. Nishafanya kazi chini yake.

Mwenzangu alinisikiliza hadi hapo akasema sawa, amekubali, lakini bado sijamjibu. Akasema hivi, nami nayaandika karibu kama alivyoyasema: kila saa unayompa huyo, umeinyima mtu mwingine. Una saa nane za usiku, zote amezichukua mkoloni. Si hata hapo ametutawala?

Hapo alinipata.

Kumbukumbu za VOC zilizosalia ni kurasa zinazokadiriwa kuwa milioni 25, zimetawanyika The Hague, Cape Town, Jakarta, Colombo na Chennai. UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Van Riebeeck anahakikika kwa sababu aliishi ndani ya mashine iliyokuwa ikijiandika mchana na usiku. Unajua alifika lini, aliondoka lini (1662, akaenda Malacca), mkewe alifia wapi (huko huko Malacca, 1664), na yeye alifia wapi (Batavia). Mhakiki anang'aa. Anaonekana hodari.

Sasa mchukue Krotoa. Alikuwa msichana Mkhoikhoi, mpwa wa Autshumato, kiongozi wa watu wa pwani ile ambaye Waingereza walikuwa wamewahi kumpeleka hadi Java na kumrudisha miaka 20 kabla Waholanzi hawajaja. Krotoa aliingia nyumba ya van Riebeeck akiwa mtoto. Wakamwita Eva. Akajifunza Kiholanzi, akawa mkalimani katikati ya watu wake na watu wa ngome, umri ambao mimi nilikuwa sijui hata kujaza fomu. Akabatizwa 1662. Akaolewa 1664 na Pieter van Meerhof, mpasuaji wa Kampuni. Akafa tarehe 29 Julai 1674, baada ya kuhamishiwa Robben Island kwa adhabu, kisiwa kile kile alichowahi kufungiwa mjomba wake Autshumato, na ambacho miaka 290 baadaye kilimpokea Mandela.

Angalia hiyo tarehe ya kifo. Ina siku, ina mwezi. Ya kuzaliwa haina. Waandishi wa Kampuni walijua siku aliyokufa kwa sababu siku hiyo walikuwa na la kumsema, na walichoandika kwenye shajara ni dharau ya kukufanya ufunge kitabu. Alivyozaliwa hawakuwa na haja naye. Mwaka unaoandikwa, karibu 1643, umepatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka umri aliokisiwa kuwa nao alipotajwa.

Kwa kanuni ya mteja wangu, nifute. Hakuna maandishi mawili. Nifute na wazazi. Na wale watu wa Amersfoort, je? Hapo hakuna hata cha kufuta. Hakuna wasifu wao uliofika kwangu wenye kosa la cheo, kwa sababu hakuna wasifu.

Nikamfikiria shosho wangu. Kitambulisho chake kina mwaka tu, 1942, hakina siku wala mwezi. Mwaka huo hakuusema yeye, ni karani aliyemtazama usoni akakisia, akaendelea na foleni. Anachosema shosho, tangu zamani na bila kubadilisha, ni kwamba alikuwa mgongoni, bado hajatembea, wakati wa Ng'aragu ya Mianga, ile njaa ya miaka ya vita iliyopewa jina la muhogo kwa sababu muhogo ndio uliowashikilia watu roho. Kati ya hizo habari mbili, iliyo na mtu aliyekuwepo ni ya shosho. Ya karani ni makisio. Lakini ya karani iko kwenye plastiki, kwa hivyo ndiyo inayohesabiwa kuwa maandishi, na ya mama yake aliyembeba inaitwa hadithi. Ukipeleka maisha ya shosho kwa mteja wangu, ataishia kuthibitisha kile kisichojulikana na kufuta kinachojulikana.

Kuna wanaojibu dhuluma hii kwa kujaza. Unasoma mtandaoni Krotoa ni binti mfalme, Krotoa alipenda huyu, alimchukia yule, alisema hivi usiku fulani. Naelewa kiu yenyewe. Lakini naona kama ni kumchukua tena yule mtoto na kumwingiza kwenye nyumba nyingine, kumpa jina jingine tena. Tayari alishaitwa Eva.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nisijutie zile saa.

Mwaka 1659 Wakhoikhoi walipigana na Waholanzi juu ya ardhi ile ya Liesbeek. Aliyewaongoza kwa kiasi kikubwa ni Doman, mkalimani mwingine, ambaye Kampuni ilikuwa imempeleka Batavia na huko akaona kwa macho yake Waholanzi wanawafanya nini wenyeji. Alirudi akijua. Walichagua siku za mvua kushambulia, bunduki za utambi zinapolowa na kugoma. Mwaka uliofuata wakakaa chini kuzungumza amani, na van Riebeeck akayaandika mazungumzo kwenye shajara yake. Wakhoikhoi walisisitiza kwamba ardhi ni yao tangu zamani na inachukuliwa kila siku. Waliuliza kama wao wangekwenda Uholanzi wangeruhusiwa kufanya hivi. Waliomba angalau waruhusiwe kuchuma lozi chungu na mizizi wanayokula. Naye akajibu kwamba ardhi wameshaipoteza vitani, imechukuliwa kwa upanga, na haitarudi.

Isome tena hiyo ukiwa na roho ya mpelelezi. Anayeandika ni adui wa wanaosema. Hakuwa na sababu hata moja ya kuwatungia hoja nzuri, na bado ameandika hoja ambayo hadi leo sijaona aliyeijibu. Kila tunapoambiwa kwamba watu wa zamani hawakuwa na fikra za kumiliki ardhi, kwamba hawakuelewa kinachotendeka, jibu liko kwa mwandiko wa kamanda mwenyewe. Akapanda hata ua wa mlozi mchungu kuwazuia, mwaka 1660. Mabaki yake bado yako bustani ya Kirstenbosch, unaweza kwenda kuyaona.

Ushahidi huu una nguvu kwa kadiri ile ile ambavyo tumemchukulia shahidi kwa umakini. Nikimwita gavana, nikimwita mfungwa aliyetoroka, nikimpa sura ya Vermuyden, wakili wa upande wa pili anasimama tu na kusema: hawa hawajui hata ni nani wanayemzungumzia. Mwaka 1952 serikali ya Afrika Kusini ilifanya sherehe kubwa za miaka 300 tangu afike. ANC ikachagua siku hiyo hiyo, 6 Aprili, kufanya mikutano ya kutangaza kampeni ya kukaidi sheria dhalimu. Ugomvi haukuwa juu ya tarehe. Wote walikubaliana na tarehe. Walichogombania ni kilichofika siku hiyo.

Kwa hivyo mwenzangu nilimjibu hivi, kama ni jibu. Van Riebeeck hanidai kitu. Anayenidai ni yule aliyeuliza swali kwenye mazungumzo ya 1660, ambaye hana njia ya kunifikia isipokuwa kupitia shajara ya huyu. Akasema sawa, lakini nilale.

Nilituma wasifu na mambo ambayo hayakuagizwa. Chini ya picha niliandika jina la Vermuyden, nikashauri waiondoe. Krotoa nikampa aya yake, na "karibu 1643" nikaeleza imetoka wapi. Swali la 1660 nikaliweka juu, kabla ya orodha ya vyeo. Mteja akatuma 1,200 kwa M-Pesa, hakusema neno.

Wiki iliyofuata nikaingia kwenye programu yao kuona. Gavana amekuwa kamanda. Daktari ametoka. Swali la 1660 lipo, limesukumwa chini kabisa. Aya ya Krotoa imekatwa ikabaki sentensi mbili, bila mwaka wowote. Picha ni ile ile, mhariri aliniambia watu wameshaizoea.

Nimewaandikia tena jana. Safari hii van Riebeeck sikumtaja, nimeomba Krotoa apewe wasifu wake mwenyewe, kwa bei ile ile, na kwenye maagizo, pale palipoandikwa "maandishi mawili", nimependekeza waandike "eleza umejuaje". Bado hawajajibu.